MANUKATO: NI YA ALIYEJITIA AU NI YA JIRANI YAKE?

Katika Ramadhani iliyopita, kumi la pili, lilitokea jambo dogo katika msikiti wa mtaa wetu hapa Mombasa, na jambo hilo dogo limetushughulisha katika darsa yetu kuliko mambo mengi makubwa. Tulikuwa tumesimama kwa sala ya tarawehe, safu zimejaa hata mlangoni, mabega yamegusana. Mzee mmoja, mtu wa pumu tangu zamani, alisali nasi rakaa nne, kisha tukasikia kifua chake kikilia kama mvukuto wa mhunzi. Akatoka safuni kwa shida, akaketi barazani akitafuta pumzi, na sala ya usiku ule ikampita. Ubavuni mwake alikuwa amesimama kijana mmoja, mtoto wa watu wema, aliyekuja na kanzu mpya, mafuta ya udi shingoni na viganjani, na juu ya mafuta hayo amejipulizia marashi ya chupa ya Kizungu. Harufu yake tuliisikia hata sisi tuliokuwa safu tatu mbele yake.

Baada ya sala kijana alielezwa. Akaona haya, akamwendea mzee akamshika mkono, lakini hakukubali kuwa amekosa. Akasema, "Ami, niwie radhi. Lakini mimi nimefuata sunna. Jee, kujitia manukato kwenda msikitini si jambo jema?" Mzee akamjibu, "Ni jema, mwanangu. Lakini mimi sikupata kusali."

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo ilipo mas'ala. Lau mmoja wao angalikuwa mwongo au mjinga, tusingalikuwa na haja ya kushika kalamu. Wengi waliokuwapo walimaliza neno upesi: wengine wakasema mzee na asali nyumbani kwake, kwani mgonjwa ana udhuru, wengine wakasema vijana wa leo hawana adabu. Sisi twaona majibu yote mawili ni ya mtu anayetaka kwenda kulala. Swali lenyewe ni hili: harufu ikishatoka katika mwili wa mtu ikaingia katika pua ya mtu mwengine, ni ya nani? Na aliyeitoa ana haki gani, na aliyeingiwa nayo ana haki gani?

Maulamaa wametufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Asiyejua kitu ni nini hawezi kusema ni halali au haramu, wala ni kingi au kichache. Basi yatupasa kwanza tujue manukato ni nini, na nguvu zake huwaje, kwani watu wengi wanayatumia kila siku nao hawayajui.

Ama yetu sisi watu wa pwani, tumeyarithi ya namna nyingi. Yako maua yenyewe: asumini, waridi, mkadi na mrehani, hufungwa kikuba au kutandazwa kitandani, na nguvu zake ni za usiku mmoja. Iko liwa, husagwa juu ya jiwe kwa maji ikapakwa mwilini. Yako marashi ya waridi, ambayo ni maji yaliyovukizwa pamoja na maua, na hunyunyizwa kwa mrashi katika maulidi na harusi. Haya ni mepesi, hukauka nayo yamekwisha. Uko ubani, ambao ni utomvu wa miti ya Dhofar na nchi ya Wasomali. Yako mafuta ya mlangilangi, ambayo ndugu zetu wa Ngazija na Nzuwani huyatoa katika maua kwa kuyavukiza, na mengi yake huenda Ufaransa kutiwa katika chupa ambazo baadaye huturudia kwa bei kubwa. Na iko ambari, ambayo nyangumi huitoa tumboni mwake na bahari ikaitupa ufuoni. Mas'udi, aliyekufa mwaka 956, aliandika khabari za ambari ya bahari hii yetu ya Zinji, basi biashara hiyo ni kongwe kuliko nyumba zote tuzionazo leo katika Mji wa Kale.

Na udi, ambao ndio bwana wa yote mbele ya macho ya watu wetu, una khabari ya ajabu. Mti wake humea Assam, Kambodia, Vietnam, Malaysia na visiwa vya Indonesia, na ukiwa mzima hauna harufu ya maana; kuni zake ni nyeupe na nyepesi. Hutokea ukapata jeraha, ukaingiwa na ukungu, na mti ukajitetea kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya moyo wake. Utomvu huo ndio udi. Kwa hivyo tunachokifukiza ni ugonjwa wa mti na dawa yake pamoja. Na kwa sababu watu walikata miti mingi wakitafuta ile michache iliyougua, mataifa yalikubaliana kuichunga biashara yake: kwanza aina moja katika mwaka 1995, kisha aina zote kuanzia mwaka 2005. Mwenye kuununua leo, kidogo au kingi, ananunua kitu kinachopungua duniani.

Sasa tuje kwenye nguvu. Manukato ya majini, yaani yale ya kupuliza, ni mafuta yenye harufu yaliyoyeyushwa katika spiriti na maji kidogo. Wenye kuyatengeneza wameyapa majina ya Kifaransa kwa kadiri ya mafuta yaliyomo, na majina hayo huandikwa juu ya chupa, lakini wanunuzi wengi huyaona kama pambo tu. Iliyoandikwa Parfum au Extrait, katika sehemu 100 za chupa, mafuta huwa yapata sehemu 20 hata 30. Iliyoandikwa Eau de Parfum huwa yapata 15 hata 20. Eau de Toilette huwa 5 hata 15. Ama kolonya, ambayo asili yake ni mji wa Köln huko Ujerumani, ambako Mtaliano aitwaye Farina alifungua duka mwaka 1709, huwa yapata 2 hata 5, na harufu yake kwa kawaida haimalizi saa mbili au tatu. Hesabu hizi ni desturi ya wafanya biashara, si sharia, na kila kiwanda hujinyoshea kidogo. Mafuta yetu ya tola, ambayo tola moja ni gramu 11 na kitu, hayana spiriti kabisa. Yakiwa safi, yote ni mafuta.

Hapa wengi hukosea hesabu. Hudhani kwamba lenye mafuta mengi ndilo litakalomfikia jirani zaidi. Sivyo daima. Spiriti ina haraka ya kuruka hewani, na irukapo huchukua harufu pamoja nayo ikaitawanya chumba kizima. Lakini tone la mafuta lililopakwa nyuma ya sikio hukaa pale pale likapanda polepole kwa joto la mwili. Kwa hivyo chupa ya sehemu 15 iliyopulizwa mara kumi juu ya kanzu yaweza kumshinda jirani kuliko tone moja la mafuta safi. Nguvu ni mbili: nguvu iliyo ndani ya chupa na nguvu iendayo hewani, na anayeijua moja asiijue ya pili bado hajajua kipimo.

Tena harufu haiji mara moja. Sehemu zake nyepesi, kama za ndimu na chungwa, hutangulia na kuondoka katika robo saa ya mwanzo. Hufuata za maua. Na za mwisho ni zile nzito, udi, sandali, ambari na miski, ambazo hukaa mwilini siku nzima na katika nguo siku kadhaa. Ajipuliziaye akiwa mlangoni mwa msikiti humpa jirani ule mshindo wa mwanzo, pamoja na spiriti yake. Lau angalijitia nyumbani saa moja kabla, angaliingia na kile kilichobaki, ambacho aghlabu ndicho kizuri zaidi.

Na liko jambo moja katika maumbile ya pua ambalo lau watu wangalilijua, nusu ya mas'ala hii ingalikwisha. Pua huchoka upesi na harufu iliyo moja. Mtu akikaa nayo kwa dakika chache, pua yake hunyamaza, haimpi tena khabari yake, ili iwe tayari kwa harufu mpya. Ndiyo maana muuza samaki hasikii samaki, na aliyezaliwa karibu na kinu cha kopra hajui kwamba nyumba yao inanuka kopra. Mwenye kujitia udi kila siku naye vivyo hivyo: asubuhi hii hasikii kile alichokisikia jana, akaongeza, na kesho hasikii, akaongeza tena. Hafanyi haya kwa kiburi. Anafanya kwa sababu mizani aliyo nayo imeharibika, naye hajui kuwa imeharibika. Mwenye harufu ndiye mtu wa mwisho kuijua kadiri yake.

Tukifika hapa, msomaji aliyezowea magomvi ya mafakihi atatuuliza: na spiriti jee, si najisi? Mbona hamkuanza na hilo? Twasema hatukuanza nalo kwa sababu limesemwa sana mpaka limefunika mengine. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii mvinyo ni najisi kwa kauli mashuhuri, na wako waliounganisha nao kila kileo. Lakini Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, na Layth bin Saad, na Muzani aliyekuwa mwanafunzi wa Shafii mwenyewe, wamepokewa kuwa waliona mvinyo ni haramu kunywewa na kiwiliwili chake ni tohara. Na katika zama za karibu Sayyid Rashid Ridha, aliyefariki mwaka 1935, aliandika kuitetea tohara ya spiriti na ya kolonya. Mwenye kutaka kujitoa katika khilafu na atumie mafuta. Mwenye kuifuata kauli ya pili asitukanwe. Hayo yatosha. Tunachostaajabia sisi ni mtu atakayeuliza mara tatu kama chupa yake ina spiriti, wala asiulize hata mara moja kama jirani yake anapumua.

Turudi basi kwenye swali letu: harufu ni ya nani? Huenda mtu akasema: harufu si kitu. Haishikiki, haina uzani, haiuzwi peke yake. Kitu kisichokuwa mali hakina mwenyewe, na kisichokuwa na mwenyewe hakina haki. Twamjibu kwa khabari aliyoitaja Ghazali katika Ihya yake. Umar bin Abdulaziz, aliyetawala tangu mwaka 717 hata 720, aliletewa miski ya hazina ya Waislamu ipimwe mbele yake. Akaziba pua yake. Waliokuwapo wakaona ni ajabu, kwani miski haipunguki kwa kunuswa. Naye akawafahamisha kwamba manufaa ya miski ni harufu yake. Hakuna jengine litakiwalo kwayo. Basi mwenye kuinusa ameshaitumia, na yeye hakutaka kutumia cha watu.

Khabari hii wengi huisimulia kuonyesha uchaji Mungu wa bwana huyu, nao wana haki. Lakini sisi twaiona ina fikira ndani yake yenye kwenda mbali zaidi. Ikiwa harufu ni manufaa hata mtu aweza kuichukua isivyo haki kwa pua yake tu, basi harufu ni kitu kamili, chenye hesabu baina ya watu. Na kitu chenye hesabu kwa upande wa nafuu hakikosi kuwa na hesabu kwa upande wa dhara. Haiwezekani tuseme kwamba mwenye kunusa miski ya hazina amechukua kitu, kisha tuseme kwamba mwenye kumjaza mwenziwe udi kifuani hakumpa kitu.

Na sharia yetu imekwisha kulisema hili kwa njia nyengine iliyo wazi. Kila mtu anajua kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula thumu au kitunguu kibichi ajitenge na msikiti, na sababu aliyoitaja ni maudhi: yanayowaudhi wanadamu huwaudhi na malaika. Thumu si haramu. Mwenye kuila hana dhambi. Aliyezuiwa ni mtu aliyefanya la halali nyumbani kwake, kisha akaja na athari yake pahali pa watu wote. Wako maulamaa waliounganisha na thumu kila mwenye harufu ya kuudhi, hata mwenye jeraha na muuza samaki, na wako waliounganisha na msikiti kila mkusanyiko wa watu. Hicho ndicho kiyasi, na neno letu la kiasi, yaani kadiri na kipimo, limetoka katika neno hilo hilo la Kiarabu.

Kijana wetu, ambaye ni mwanafunzi mzuri, alipoyasikia haya darsani alisimama akapinga, na pingamizi lake lilikuwa na nguvu. Alisema: "Maalim, thumu ni harufu mbaya, na udi ni harufu nzuri. Mtume alichukia ile na akaipenda hii. Alikuwa harudishi manukato akipewa. Vipi mtaviunganisha vitu viwili ambavyo sharia yenyewe imevitenganisha?"

Tulikaa na neno hili siku tatu. Jawabu tuliloliona ni kwamba sababu iliyotajwa katika thumu si ubaya wa harufu bali ni maudhi yake. Na harufu ya thumu yenyewe, nani kati yetu aichukiaye ikikaangwa kwa pilau siku ya Idi? Ubaya na uzuri huwa kwa pua ya mtu na wakati wake, lakini maudhi ni kitu kinachoonekana: mzee ametoka safuni. Pumu ni maradhi ya mirija ya pumzi. Hukaza na kuziba ikiguswa na kitu kikali, na harufu nzito na moshi ni katika vitu vijulikanavyo kuiamsha. Kifua cha mzee hakijui kama kilichokiingia kina sifa njema katika vitabu.

Tena tutazame manukato ya Ijumaa yaliwekwa kwa nini. Bibi Aisha amepokewa akieleza kwamba watu walikuwa wakija sala ya Ijumaa kutoka mashambani na katika kazi zao, wamejaa vumbi na jasho, harufu ikawa inatoka miilini mwao, wakaambiwa lau wangelioga siku hii. Kuoga na manukato basi kulikuja kumpumzisha yule aliye kando. Sunna hii tangu mwanzo wake ni ya jirani. Aliyejitia mafuta mpaka jirani akatoka amelishika tawi na amelikata shina.

Na ipo nukta moja ambayo twaipenda sana katika mlango huu. Sayyidna Umar bin Khattab, katika khutba yake, alipowakumbusha watu khabari ya thumu na kitunguu, hakuwaambia waviache. Aliwaambia mwenye kuvila aviue kwa kuvipika. Yaani kitu kibaki, na ukali wake upungue. Jibu lake halikuwa la halali na haramu. Lilikuwa ni la nguvu na kadiri. Nasi hatusemi zaidi ya hayo katika manukato.

Lakini insafu yatutaka tuseme na upande wa pili, kwani hoja hii ikiachiwa mbio itatupeleka pasipo. Lau kila mwenye kukunja pua angalikuwa na haki ya kumzuia mwenziwe, hapangebaki mtu mwenye uhuru wa kuvaa, kupika wala kufukiza. Yuko mtu hapendi ubani kwa sababu unamkumbusha matanga. Yuko asiyependa udi kwa kiburi tu, aona ni harufu ya washamba na yake ya Paris ndiyo ya waungwana. Hawa hatuwatilii maanani. Kuchukia si kudhurika. Na baina ya chuki tupu na pumu iko nchi pana ya watu waumwao na kichwa, wajawazito wachafukao roho, na watoto, ambayo hatuwezi kuichorea mpaka kwa mstari mmoja. Hapo hapana ila tabia njema, na tabia njema yataka mtu aulize. Kwa kuwa pua yako imekwisha kunyamaza, muulize mkeo, au nduguyo, au mwenzio wa safuni: jee, nimezidisha? Na wewe ulizwaye usimfiche kwa kumwonea haya.

Na twaongeza neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wenzetu. Khabari iliyopokewa ya kumkataza mwanamke kupita mbele ya wanaume akiwa amejitia manukato yatajwa juu ya mimbari zetu mara nyingi, na sababu yake ni nyengine, haina haja ya kuelezwa hapa. Lakini asili yake ni hii hii: kwamba harufu humfikia mtu mwengine na kumfanya jambo, na aliyeitoa ana sehemu yake. Mbona asili hii tumeikumbuka kwa wake zetu, tukaisahau kwa kanzu zetu?

Sasa ladha ya maneno haya itapungua kwetu sisi wenyewe, kwani kabla ya kumlaumu kijana yafaa tujitazame. Ni nani aliyekuwa akikileta chetezo msikitini kila usiku wa Ramadhani, akakizungusha safu kwa safu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mitambo ya baridi? Ni sisi. Na moshi wa chetezo ni mkali kwa kifua kuliko mafuta, kwani huo ni moshi kweli, wenye masizi yake. Usiku ule wa khabari yetu chetezo kilikuwa kimekwisha kupita mara mbili kabla kijana hajaingia. Mzee alipoulizwa siku ya pili, alisema kwa upole wake kwamba udi wa msikiti humbana kila mwaka, lakini hakupata kusema, kwa sababu aliona ni heshima ya msikiti. Huenda mafuta ya kijana yalikuwa ni tone la mwisho tu katika mtungi tulioujaza sisi. Aliyeonekana akalaumiwa, waliotangulia, kwa kuwa wana vilemba, hawakuonekana.

Limebaki jambo la wauzaji, nalo tutalipitia haraka, ingawa lastahiki makala yake. Mtu hawezi kushika kiasi ikiwa hajui alichouziwa. Chupa zauzwa kwa jina la udi safi wa Kambodia, na ndani yake mna mafuta mengine yaliyozidishwa. Vipande vya mti usio na utomvu hupakwa weusi na kuchovywa mafuta, vikauzwa kwa bei ya udi wa kweli. Udanganyifu huu si mpya. Kitabu cha uturi kinachonasibishwa kwa Kindi, mwanafalsafa wa karne ya tisa, kina mafundisho zaidi ya 100, na mengi yake ni ya kutengeneza miski na ambari za kuigiza. Wala kuigiza kwenyewe si dhambi. Miski ya leo karibu yote ni ya kutengenezwa. Mwanzo wake ni mwaka 1888, Mjerumani aitwaye Baur alipokuwa akichezea dawa za baruti akaona zina harufu tamu, na kwa sababu ya hiyo na nyengine zilizofuata, paa wengi wa miski wa milima ya Himalaya wamesalimika na risasi. Sisi twaona hiyo ni kheri. Dhambi ni kuiita kwa jina la nyengine. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini yake mna maji, hakumlaumu muuzaji kwa kuwa na nafaka iliyolowa, alimlaumu kwa kuificha chini ya kavu.

Sisi wenyewe miaka michache nyuma tulinunua robo tola kwa mfanya biashara mmoja, akatuapia kuwa ni udi mtupu, tukamtunuku mwalimu wetu mkongwe. Mwalimu alijipaka, akashukuru, akatuombea dua. Siku ya pili ngozi yake ilikuwa imefanya vipele mpaka kiwiko. Hakutuambia, tulimwona. Twaendelea kujiuliza mpaka leo ni nani aliyempa vipele vile: aliyeuza, au sisi tuliotaka udi wa kifalme kwa bei ya kolonya.

Basi tulikubaliana katika darsa, si kwa fatwa bali kwa shauri la watu wa mtaa mmoja. Chetezo kiwashwe baada ya alasiri, milango na madirisha wazi, kizimwe na kutolewa kabla ya magharibi, ili isha iingie na harufu bila ya moshi. Mwenye kujitia na ajitie nyumbani mapema, tone moja au mawili ya mafuta, wala asichanganye mafuta na ya kupuliza. Udi mzito na zile chupa zenye nguvu ziwe za baraza, za harusi, za nyumbani kwa mtu na ahali yake. Wawili katika wajumbe wa msikiti hawakukubali kuhusu chetezo, wakasema tunaondoa ada za wazee. Tuliwaambia kwamba mzee aliyekuwa barazani naye ni katika hao wazee. Hawajaridhika, nasi hatukuwalazimisha. Siku za mwisho za Ramadhani mmoja wao alikileta chetezo baada ya isha, na hapana aliyemzuia.

Mzee amerudi safuni. Husimama karibu na dirisha la kusini, pale upepo wa bahari unapoingia, na dawa yake ya kuvuta ameiweka mfukoni. Kijana amekuwa akisimama karibu naye. Ijumaa iliyopita, kabla ya khatibu kupanda mimbari, tulimwona akimnyoshea mkono, na mzee akaunusa kiganja chake, akafikiri kidogo, kisha akamwonyesha kwa vidole viwili vilivyokaribiana kwamba bado kidogo apunguze.